Sala Pasipo Kazi, Kazi Pasipo Sala

Katika parokia zetu nyingi kuna ugomvi mdogo usio na kelele. Hauletwi mbele ya Paroko, wala hauandikwi katika daftari la mikutano ya Halmashauri ya Walei, lakini kila mtu anaujua. Upande mmoja wako Wakristu wapendao kusali: hawakosi Misa za siku za juma, hawakosi kuabudu Ekaristi Takatifu, novena wanazishika zote, na Rozari haiwatoki mkononi. Upande wa pili wako Wakristu wapendao kutenda: ndio wanaobeba mawe na mchanga wa kujengea kanisa, ndio wanaokusanya michango ya msiba, ndio wanaompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Wale wa kwanza huwatazama wa pili na kusema: "Hawa wana mbio nyingi, lakini kukaa na Mungu hawawezi." Wale wa pili hujibu: "Ninyi salini, sisi tutapika, na kula mtakuja."

Maneno hayo husemwa kwa kicheko, lakini ndani yake limo swali zito, ambalo limewashughulisha watakatifu na walimu wa Kanisa tangu mwanzo. Mtu akiwa na saa moja tu ya nafasi, ampe nani: Mungu au jirani? Na akimpa mmoja, je, amemdhulumu mwingine?

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wengi wetu tumeitumia methali hii kuumaliza ugomvi: basi kila mtu ashike yake, wa kusali asali, wa kutumika atumike. Sisi twaona kwamba hapa methali imepelekwa pasipo mahali pake. Sala na utumishi si mizigo miwili inayogombea mkono mmoja. Itazameni taa ya chemli. Utambi usiotiwa mafuta hutoa moshi, kisha huungua wenyewe. Na mafuta yaliyofungiwa ndani ya debe hayajapata kumwangazia mtu njia.

Nyumba ya Bethania

Kila swali hili linapozuka, watu hukimbilia nyumba ya Bethania, kwa Marta na Maria, kama tunavyosoma katika sura ya kumi ya Injili ya Luka. Na mara nyingi Marta huhukumiwa kabla hajasikilizwa. Mgeni alikuwa mkubwa, na mama yeyote wa nyumba ajua maana ya mgeni kuingia na chungu bado hakijainjikwa. Bwana Yesu hakumlaumu kwa sababu ya chungu. Alimrudi kwa upole kwa sababu ya moyo wake uliotawanyika, na kwa sababu alikuwa ameanza kumshitaki ndugu yake mbele ya mgeni. Kazi yake ilikuwa njema. Kilichoiharibu ni ile hesabu ya nani amefanya na nani hakufanya.

Tena yafaa kuangalia Mwinjili ameiweka wapi habari hii. Aya zinazoitangulia ndizo habari za Msamaria mwema, ambamo watu wawili wa hekalu, kuhani na Mlawi, walimwona majeruhi njiani wakapita kando. Luka ameziweka habari hizi mbili bega kwa bega. Msomaji wa ile ya kwanza peke yake aweza kudhani kwamba kupanda barabara na kufunga majeraha ya watu ndiyo dini yote. Msomaji wa ile ya pili peke yake aweza kudhani kwamba kukaa miguuni pa Bwana ndiyo dini yote. Azisomaye pamoja hawezi kudhani hili wala lile.

Wala habari za Marta haziishii hapo. Katika Injili ya Yohane, kaka yao Lazaro alipokufa, Marta ndiye aliyetoka kwenda kumlaki Bwana njiani, na ndiye aliyeungama waziwazi kwamba Yeye ndiye Kristu. Baadaye, karamu ilipofanywa Bethania siku sita kabla ya Pasaka, twamkuta Marta tena akihudumu, na Maria tena miguuni pa Bwana, safari hii na marhamu ya thamani. Kazi ni ile ile, lakini lalamiko la Marta halisikiki tena. Manung'uniko ya siku ile yalitoka kwa Yuda, naye aliyatoa kwa jina la maskini! Hapo pana funzo la kutisha: mtu aweza kuwataja maskini kwa sauti kubwa huku moyo wake uko kwenye mfuko wa fedha.

Ni vema basi kwamba tangu mwaka 2021 Mama Kanisa ametuwekea Marta, Maria na Lazaro katika sikukuu moja, tarehe 29 Julai. Ndugu hao hawana sababu tena ya kupangiwa pande mbili za ugomvi wetu.

Siku moja ya Kapernaumu

Lakini mwalimu wetu wa kwanza ni Bwana mwenyewe. Mt. Marko, katika sura yake ya kwanza, atusimulia siku moja ya Bwana huko Kapernaumu. Anafundisha katika sinagogi, anamfukuza pepo, anamwinua mama mkwe wa Simoni aliyekuwa na homa, na jua likiisha kutua, mji mzima unasongamana mlangoni na wagonjwa wake. Ni siku ya kazi kamili, kama siku ya mganga wa zahanati ya kijijini. Na baada ya siku kama hiyo, alfajiri kungali giza, anaamka na kwenda mahali pasipo watu, kusali.

Simoni na wenzake wanamtafuta, na wampatapo wanamweleza kwamba watu wote wanamwulizia. Tungedhani kwamba atarudi mara moja. Hakurudi, aliwaambia kwamba yampasa kwenda katika vijiji vingine. Tuone maana ya jambo hili. Sala ile haikuwa mapumziko tu ya mtu aliyechoka. Ndani yake Bwana aliijua kazi yake ni ipi. Akapata uhuru wa kuwaacha waliokwisha kuizoea neema, na kuwaendea wale ambao hawajaisikia bado. Asiyesali huendeshwa na kila anayemwita kwa sauti kubwa, na wanyonge wasio na sauti hubaki nyuma siku zote.

Mwenye shida abishapo hodi

Turudi sasa kwenye lile swali la saa moja. Mt. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alilipima kwa utulivu wake wa kawaida. Alisema kwamba maisha ya kumtazama Mungu, yakipimwa yenyewe kwa yenyewe, ni bora kuliko maisha ya kazi. Lakini kwa wakati fulani na kwa haja fulani, kazi yapaswa kutangulia. Alimtaja Aristotle, aliyefundisha kwamba kutafuta hekima ni bora kuliko kutafuta mali, ila kwa mtu aliyepungukiwa kutafuta riziki ndiko kwafaa zaidi. Tena Tomaso aliongeza neno ambalo lingefaa kukumbukwa na kila katekista na kila mzazi: kuwapa wengine yale tuliyoyapokea katika kumtazama Mungu ni kukubwa kuliko kuyaweka sisi peke yetu, kama vile kuangaza kulivyo kukubwa kuliko kung'aa.

Karne nne baadaye, huko Ufaransa, Mt. Visenti wa Paulo aliliweka fundisho hilo mikononi mwa wasichana wa kawaida. Yeye na Mt. Luisa wa Marillac walianzisha Shirika la Mabinti wa Upendo mwaka 1633, nao walitumwa mitaani kwa wagonjwa na mafukara. Aliwaambia kwamba ikiwa saa ya sala imefika na maskini anahitaji dawa, waende bila wasiwasi wowote. Mungu waliyekuwa wakimwendea kanisani, ndiye watakayemkuta kitandani mwa mgonjwa.

Basi jibu ni wazi: shida isiyoweza kungoja hutangulia. Mama ambaye mtoto wake amepatwa na homa Jumapili asubuhi, akabaki naye nyumbani au akamkimbiza zahanati, hajavunja amri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yataja ugonjwa na ulezi wa watoto wachanga kuwa miongoni mwa sababu za haki za kukosa Misa ya Dominika. Asinong'onezwe na mtu. Misa yake siku ile ameihudhuria kwa shauku, na sadaka ameitoa kwa mikono yake.

Lakini hapa twamwomba msomaji asiharakishe kulikunja gazeti, kwa maana jibu hili jema hutumiwa vibaya kila siku. Mtu husema, "Nina kazi za watu," naye hajapiga magoti tangu Pasaka iliyopita. Tutajuaje kama ni shida ya kweli iliyotuondoa katika sala, au ni sisi tuliokuwa tukitafuta mlango wa kutokea? Zipo alama. Shida ya kweli ina jina na uso: ni Mzee fulani, ni mjane fulani, ni mtoto huyu. Tena ina mwisho: mgonjwa akiisha kulala, mwenye kumpenda Mungu hurudi pale alipopaacha, hata kama ni kwa Baba Yetu mmoja tu kabla ya usingizi. Bali kazi ya kukimbilia haina uso wala mwisho. Ikiisha moja, yatafutwa nyingine, kwa sababu ukimya watisha.

"Mgonjwa hali sala"

Wako ndugu zetu, na baadhi yao ni wasomi, wasemao: "Mgonjwa hali sala. Apewe dawa, apewe uji. Hayo mengine ni ya wenye nafasi." Neno hilo lina ukweli wake, na Maandiko yalilisema kabla yao. Mt. Yakobo katika waraka wake awakemea wale wanaomwaga mtu mwenye njaa na baridi kwa baraka tupu. Wala hatusemi kwamba asiyesali hawezi kutenda jema. Twawajua waganga na wauguzi wasio wa dini yetu, na wengine wasio na dini yoyote, ambao huruma yao yatutia haya.

Hata hivyo twauliza: Mkristu atumikaye bila kunyamaza kamwe mbele ya Mungu, humpata nini baada ya miaka kumi? Kwanza, huacha kuona watu, akaanza kuona hesabu: wajane kumi na wawili, magunia matano, mifuko ishirini ya saruji. Pili, huanza kungojea shukrani. Na kwa kuwa maskini hawashukuru sikuzote, hukasirika, na ukali wake huwafikia wale wale aliokwenda kuwasaidia. Tatu, hudhani kwamba akiondoka yeye, yote yataanguka. Ndipo tunapomkuta mwenyekiti asiyeweza kukiachia kiti, na mweka hazina auonaye mfuko wa maskini kuwa wake. Kidogo kidogo, pasipo kukusudia, amewafanya maskini kuwa mali yake.

Na yule asaliye pasipo kuinuka, humpata nini? Hujiona yu karibu na Mungu kuliko wenzake. Yuko katika mkesha wa kanisani, na nyumbani mama mkwe wake amelala kitandani hana wa kumgeuza. Anafunga na kusali kwa ajili ya amani ya dunia, na kwa mwaka wa tatu sasa hasemi na ndugu yake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Huyo naye amemfanya Mungu kuwa mali yake, kitu cha kumstarehesha moyo. Magonjwa haya mawili, ingawa yafanana kidogo kwa nje, mzizi wake ni mmoja: nafsi iliyojiweka katikati. Ndiyo maana dawa ya kila mmoja imo mikononi mwa mwenziwe. Sala ya kweli huivua nafsi kiti chake mbele ya Mungu, na utumishi wa kweli huivua mbele ya jirani.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake juu ya utakatifu wa mwaka 2018, alionya kwamba si afya ya roho kupenda ukimya huku tukiwakwepa watu, wala kutafuta sala huku tukidharau utumishi. Na kwa upande wa pili tunaye Mt. Teresa wa Kalkuta, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1950 kwa ajili ya mafukara wa mwisho kabisa. Kazi ilipokuwa nyingi kupita nguvu za masista, hakupunguza sala. Mwaka 1973 waliongeza saa nzima ya kuabudu Ekaristi kila siku. Hesabu ya kibinadamu ingesema kwamba maskini wameibiwa saa moja. Ulimwengu uliowaona masista wale wakitumika haukusema hivyo.

Na hapa kwetu, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mchakato wake ulifunguliwa jimboni Musoma mwaka 2005, alijulikana kwa desturi ya kuhudhuria Misa siku za kazi, ingawa mizigo ya taifa ilikuwa mabegani mwake. Mtu huyo aliyepiga magoti kila siku ndiye aliyewaambia masista wa Maryknoll huko Marekani, mwaka 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na umaskini na uonevu litajitenga na watu. Sala haikumfunga kinywa juu ya njaa ya watu.

Kengele ya watawa

Yuko atakayesema kwamba hayo ni ya watu wakubwa. Basi twende kusini mwa nchi yetu. Wabenediktini wa Mt. Ottilien walianzishwa mwaka 1884 huko Ujerumani na Padre Andreas Amrhein, aliyetaka wamonaki wawe wamisionari pia. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Na mwaka 1957 huko Hanga ukaanza utawa wa Kibenediktini wa wana wa nchi wenyewe. Mahali hapo pamejengwa hospitali, shule, karakana na mashamba, na vitabu vingi vya Kiswahili vimetoka katika mitambo yao ya uchapaji. Wamonaki hao hawakuwa wavivu! Hata hivyo siku yao hukatwa na kengele. Kengele ikilia, fundi seremala huiweka randa chini, ingawa ubao umebaki nusu, naye huenda kusali.

Ubao ulioachwa nusu haukimbii. Ndilo funzo la kengele: kazi hii ni ya Mungu, nami ni kibarua wake tu. Na sala ikiisha, hakuna abakiye kanisani kwa kuogopa jua. Hurudi kwenye randa yake.

Nyumbani mwetu

Sisi wa familia hatuna kengele ya utawa. Tuna mtoto aliaye, tuna ng'ombe wa kukamuliwa, tuna zamu ya usiku, tuna basi la alfajiri. Haitupasi kuiga saa za watawa. Yatupasa kuiga lile jambo la kukubali kukatizwa: kazi ikatizwe na Mungu, na sala ikatizwe na mwenye shida.

Kwa hiyo twashauri mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Iwepo dakika chache kila siku ambapo redio na simu zimenyamaza, na baba, mama na watoto wamepiga magoti pamoja. Simu hasa twaitaja kwa jina, maana siku hizi ndiyo inayotuamsha na ndiyo inayotulaza, na Mungu hupewa salio. Malaika wa Bwana asaliwe shambani, sokoni au ofisini, hata kwa kimya. Ishara ya Msalaba kabla ya kushika jembe si jambo dogo. Kisha kila juma familia imchague mtu mmoja mwenye jina na uso, mgonjwa au mzee au mfungwa, imwendee. Na watoto waende pia, wabebe wao ule mfuko wa unga. Mtoto aliyemwona baba yake akipiga magoti asubuhi, na jioni ile ile akamwona akimtengenezea mjane paa lake, hatahitaji mahubiri marefu juu ya jambo hili.

Na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika kazi ya kichungaji mwaka 1976, zijitazame. Iko jumuiya isaliyo vizuri, ikaimba vizuri, ikatawanyika pasipo mtu kuuliza kwa nini Mama fulani hajaonekana majuma matatu. Iko na jumuiya ambayo Injili husomwa mbio mbio kama tangazo, ili muda ubaki wa kuita majina ya waliochelewesha michango. Ya kwanza imefunga mafuta ndani ya debe, na ya pili imewasha utambi mkavu. Viongozi wasiogope kubadili: Injili isomwe taratibu, pawe na kimya, kisha liulizwe swali hili moja, "Nani kati yetu anatuhitaji juma hili?" Na waende kwake kabla ya kwenda nyumbani.

Tukimtafuta wa kutushika mkono katika njia hii, tunaye Mama yetu Bikira Maria. Alipoupokea ujumbe wa Malaika, hakubaki chumbani kuufurahia. Aliondoka kwa haraka kupanda nchi ya milima, akakaa kwa Elizabeti karibu miezi mitatu, na mzee yule alikuwa mjamzito anayehitaji mtu wa kumsaidia. Lakini Yule aliyebebwa tumboni alikwenda naye njia nzima. Basi kila mmoja wetu aendaye leo kwa mgonjwa, au kwenye mkutano, au kwenye ujenzi wa kigango, ajiulize kwanza anakwenda na nani.